Kigari Kilichongoja Drumlea

Carrowbeg, Mayo
Jumapili, 24 Januari 2021

Kwako Philomena,

Kigari kimefika, mimi nimefika, na faini sikutozwa. Naanza na hayo kwa sababu najua ulibaki mlangoni ukiniangalia mpaka nikakunja kona, na yule kaka yako Malachy akasema, "Huyu hafiki Mayo, ataishia mtaroni." Nilimsikia. Mwambie masikio yangu ni mabovu kwenye simu tu.

Utavumilia mwandiko. Shule sikwenda hata siku moja. Nilikuwa mkubwa wa watoto wengi na mama alinihitaji nyumbani. Herufi nilizipata mezani kwangu mwenyewe, wanangu wakifanya kazi zao za shule, mimi namenya viazi huku nachungulia. Kwa hiyo naandika kama ninavyosema, na nasema kama unavyonijua sasa.

Sikia basi. Narudi, karibu na daraja nakuta polisi wamefunga njia. Askari wa kike, barakoa mpaka machoni.

"Mama, unatoka wapi? Unajua mwisho wa kutoka nyumbani ni kilomita tano, kwa korona hii?"

"Natoka kwa mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Philomena Duignan wa Drumlea. Hana mtu wa kumtazama, maskini. Nimempelekea supu."

Umeona? Nimekulaza kitandani, na Malachy nimemfuta kabisa duniani. Yule binti akachungulia kiti cha nyuma. "Na hicho kigari cha mtoto?"

"Ndicho ninachobebea supu."

Akanipungia mkono nipite. "Nenda, mama. Na usinirudie hapa."

Muireann, mjukuu wangu, alilia alipokiona. Tangu atoke hospitali na mtoto hajapata usingizi. Huyu Nessa wetu ni mdogo kama mkate lakini ukimlaza kitandani anapiga kelele kama ng'ombe aliyekwama kwenye uzio. Tulimweka kigarini, nikamsukuma toka jikoni hadi mlangoni, akanyamaza. Magurudumu yale makubwa yanaenda kama maji.

Nakushukuru kwa kukitunza tangu Oktoba. Muireann alitaka tukichukue palepale siku tulipokulipa, wakati barabara bado ziko wazi. Nikamwambia kigari hakiingii nyumba ambayo mtoto hajazaliwa, labda nife kwanza. Akaniita mshamba. Wewe hukuniuliza hata swali moja, ulisema, "Kitakaa bandani kwangu mpaka mtoto alie." Hapo nikajua umelelewa na mtu.

Na asante kwa chai. Nilikataa mara mbili kama inavyotakiwa, lakini uliposema mara ya tatu ningefanyaje, nikutukane mlangoni kwako? Mwaka mzima sijakaa meza ya mtu. Kama nilikohoa, ni ule upepo wa uani.

Wako,
Attracta Gavigan


Drumlea, Leitrim
1 Februari 2021

Mpendwa Attracta,

Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili kwa sauti, ili Malachy asikie alivyofutwa duniani. Amesema ni heri kufutwa na mtu wa Mayo kuliko kusifiwa naye.

Nimefurahi kwamba Nessa analala. Kigari kile kililaza watoto wa dada yetu wote, na hapa kilikuwa kinakusanya vumbi. Sipendi kitu kizima kikae bure.

Nyumba imekuwa kimya tangu uondoke. Hukukaa sana, lakini nilikuwa sijacheka mbele ya mtu asiyekuwa ndugu yangu tangu Krismasi ya mwaka juzi. Ile chai ningekulazimisha hata mara ya nne.

Malachy ana kifua. Humpata kila mwaka majira haya, kwa sababu haambiliki, anatoka kutazama ng'ombe na koti wazi. Yuko kitandani analalamika, na akilalamika huwa siogopi. Nimempigia daktari. Aliniuliza kama kuna mtu yeyote aliyeingia nyumbani siku hizi. Nikasema hakuna. Akasema basi ni kile kifua chake cha kawaida, apumzike, anywe vitu vya moto.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Jina lako halitatoka nyumba hii. Hakuna atakayekutoza faini kwa sababu ya kikombe cha chai.

Rafiki yako,
Philomena Duignan


Carrowbeg
5 Februari

Philomena,

Nimeipata barua yako leo. Sikiliza vizuri na usinibishie.

Mpigie daktari tena. Usimwache Malachy kwa vitu vya moto. Mwambie daktari unataka apimwe, wewe pia upimwe. Akikuuliza kwa nini, sema unataka tu. Madaktari wanaogopa mwanamke anayesema nataka tu.

Malachy anasikia ladha ya chakula? Muulize. Mpe kitu chenye chumvi nyingi, umtazame usoni. Anapumua vipi akienda chooni? Midomo yake ina rangi gani? Mlaze kifudifudi kama anaweza. Fungua madirisha, hata kama upepo unavuma, fungua.

Na wewe je? Mbona hukuandika kitu kuhusu wewe?

Mimi sijambo. Nililala siku chache, nimeinuka. Muireann naye aliumwa kichwa, kikapoa. Mtoto hana kitu, ananyonya kama ndama.

Usiniulize kwa nini nauliza yote haya. Mimi ni mwanamke mzee na nina kiherehere. Mpigie daktari leo, Philomena, kabla hujakunja karatasi hii.

Attracta


Carrowbeg
22 Februari

Philomena,

Hujajibu, na sasa nitasema.

Kila siku nimekaa karibu na redio saa ya kutangaza vifo. Muireann anadhani nimezidiwa na uzee. Wakisoma majina ya Leitrim nafunga maji, nazima jiko, namwambia hata mtoto anyamaze. Duignan mmoja walimsoma wiki iliyopita, Bernard, wa upande mwingine kabisa wa Leitrim, watu kumi tu wanaruhusiwa kanisani. Nilimshukuru Mungu kwa kifo cha Bernard. Umeona nimefikia wapi.

Nimekupigia simu mara mbili. Uliposema halo, nilikata. Nilikuwa mimi.

Asubuhi ile niliyokuja kwako, mkate uliungua ndani ya oveni. Muireann alikuja mbio toka chumbani na mtoto kifuani, anapiga kelele, "Bibi, nyumba inaungua!" Mimi nilikuwa nimekaa palepale jikoni, hatua mbili kutoka jiko, na sikunusa kitu. Moshi niliuona, harufu yake sikuipata. Na kikohozi nilikuwa nacho tangu jana yake. Redio imeimba mwaka mzima, ukipoteza harufu kaa ndani. Mbuzi wa jirani anaijua habari hiyo. Nikajiambia ni mafua, nikavaa koti. Nilitaka kigari. Nilitaka Muireann aache kuniita mshamba, aone kwamba bibi yake amesema kitakuja mtoto akizaliwa, na kimekuja. Nikasema nitakichukua uani, nisiingie ndani. Kisha ukasema chai.

Jumatatu yake Muireann alinipeleka kupimwa. Jumatano jibu likatoka kwamba ninao ugonjwa. Akapiga simu binti wa wizara ya afya, sauti nzuri, kama ya mjukuu. "Mama Attracta, nani amekuwa karibu nawe siku hizi? Umeingia nyumba ya nani? Nani ameingia kwako?"

Nikasema hakuna, binti yangu. Mimi na mjukuu wangu na mtoto mchanga. Siendi popote.

Muireann alikuwa nje anaanika nguo. Hakunisikia. Na mimi nilikuwa nimeshamwambia askari habari ya supu, nikaogopa wakilinganisha maneno watajua, na faini itakuja, na jina langu litapita midomoni mwa parokia nzima, yule mzee wa Carrowbeg aliyetembeza ugonjwa akitafuta kigari. Ningesema "Duignan, Drumlea", wangekupigia jioni ileile. Malachy angepimwa kabla hajalala kitandani.

Ile barua ya maswali niliiandika nikiwa najua. Niliandika fungua madirisha. Niliandika midomo ina rangi gani. Nilizunguka na kuzunguka, na neno lenyewe sikuliandika, kwa sababu ulikuwa umeniandikia kwamba jina langu halitatoka nyumba hiyo, na mimi, Mungu ananiona, niliposoma pale nilishusha pumzi.

Nilimwogopea mtoto nuksi ya kigari kuingia mapema. Kingekuja Oktoba ningekuwa nimekaa kwangu. Nuksi niliichukua mwenyewe kwa gari nikakuletea wewe.

Na yule askari nilimwambia natoka kwa mgonjwa, na nyumba ile haikuwa na mgonjwa mpaka nilipoingia.

Niambie kama yu hai. Neno moja tu, hata kama ni baya. Ukitaka kunitaja kwa daktari, kwa polisi, kwa padri, nitaje.

Attracta


Drumlea
3 Machi

Attracta,

Yu hai.

Barua yako ya tarehe tano ilifika wakati Malachy ameshachukuliwa na gari la wagonjwa. Niliikuta mkekani mlangoni, juu ya alama za viatu vya wale waliombeba. Nilisoma maswali yako yote. Midomo yake ilikuwa na rangi gani. Nilikuwa nimeiona tayari rangi hiyo.

Hawakuniruhusu kwenda naye. Nesi mmoja alinishikia simu nimwone, kila jioni, mrija puani, macho yamefumbwa. Nilimwambia habari za ng'ombe. Sikujua kama anasikia. Ng'ombe walikuwa wanazaa na mimi niko peke yangu bandani, nami nilikuwa nimepimwa nikaambiwa ninao na nisitoke nyumbani. Nami nilikohoa, nikapona, kama wewe. Jirani aliingia zizini kwa mlango wa nyuma tusionane.

Yule aliyekata simu nilijua ni wewe. Nilisikia mtoto.

Nilisoma barua yako ya tarehe ishirini na mbili nimesimama, na sikukaa kwa muda mrefu baada ya kuimaliza. Nitakuambia kilichoniuma. Kigari hakiniumi. Hata kikohozi chako mezani kwangu hakiniumi. Ulijua Jumatano ile. Kutoka Jumatano mpaka gari la wagonjwa, nyumba yako ilikuwa na simu na nyumba yangu ilikuwa na simu. Wewe ni mwanamke anayemwambia polisi uongo bila kupepesa macho, lakini kuniambia mimi kweli ulihitaji mwezi mzima.

Hayo ni yako.

Sasa langu. Nilikusikia ukikohoa uani kabla hujafika mlangoni. Nilimwambia Malachy, "Mwenzetu ana kifua." Alisema, "Basi mpe chai." Nami nilifunga madirisha usipatwe na baridi. Daktari aliponiuliza nani ameingia, nilikuwa na kile kikombe ulichonywea kwenye beseni, nilikuwa nakitazama, nikasema hakuna. Kwa hiyo alimtibu mtu mwingine, yule wa kifua cha kila mwaka. Ningesema kweli, angekuja siku ile.

Barua yako imejaa mimi, mimi, mimi. Umejitwika kosa lote kama mtu anayeondoka na vyombo vya nyumba ya watu. Sehemu yangu iache. Nitakaa nayo mwenyewe.

Malachy amerudi wiki iliyopita. Anatembea toka kitandani hadi dirishani. Ng'ombe tunauza.

Usinijibu upesi.

Philomena


Drumlea
14 Machi

Bi Attracta wa Mayo,

Ni mimi Malachy, yule uliyemfuta. Naandika kwa siri, Philomena yuko bandani ambako hakuna tena kitu cha kufanya, lakini anakwenda.

Barua zote nimezisoma. Anazificha kwenye kopo la biskuti, na mtu anayekaa ndani siku nzima hukosa heshima kwa kopo la biskuti.

Nimefikiri hivi. Katika watu watatu waliokaa meza ile, mimi peke yangu sina kosa hata kidogo, na mimi peke yangu nilikaribia kuzikwa. Kwa hiyo nina haki ya kuzungumza, na nyinyi wawili mnyamaze. Raha yake huijui. Sijawahi kuwa mtu safi maishani mwangu, na sasa padri akipiga simu nakosa la kumwambia.

Nyie watu wa Mayo fainali ya mpira mmefungwa tena Desemba. Kombe hamjui kulibeba, mnabeba ugonjwa. Hilo nilikuwa nimeliweka tangu hospitali, nimelala na mrija, nikasema nikiamka nitamwambia yule mama. Sasa nimelisema, najisikia vizuri.

Lakini sitakudanganya kwamba si kitu. Lori lilipokuja kuchukua ng'ombe nilikuwa dirishani. Yule mwekundu alikataa kupanda, alikuwa ananisubiri nije nimsemeshe, kama siku zote. Nilijaribu kufungua dirisha nimwite, pumzi ikaniishia kwenye komeo. Akapandishwa na watu asiowajua. Nilirudi kitandani nikageukia ukuta. Hayo yatakaa.

Sasa sababu ya kukuandikia. Philomena hali chakula. Ananipikia, anakaa mbele yangu na kikombe, anasema nimeshakula. Hajala. Sketi inamzunguka kiunoni. Nikimwambia, ananiuliza kama nataka uji zaidi. Mimi siwezi kumwokoa, kwa sababu kila akinitazama anaona yale anayotaka kusahau. Daktari hamsikilizi. Dada yetu mwingine hamsikilizi. Mtu aliyemkasirikia kama anavyokukasirikia wewe, huyo atamsikiliza.

Alisema usijibu upesi. Jibu upesi. Na usiandike tena samahani, kopo limejaa.

Malachy Duignan,
asiye na kosa


Carrowbeg
19 Machi

Philomena,

Ulisema nisijibu upesi, na nimejibu. Nimezoea kutotii, ndiyo maana tuko hapa.

Sikuombi msamaha leo. Sehemu yako nimeiacha huko huko kama ulivyosema, siigusi. Nakueleza tu nilichofanya na yangu.

Nimempigia simu yule binti wa wizara. Si yuleyule, mwingine, lakini sauti ni hiyohiyo. Nikamwambia mwezi wa kwanza niliulizwa nimekwenda wapi nikasema sikwenda, na nilikwenda. Nyumba ya Duignan, Drumlea, nilikaa mezani na kunywa chai.

Akasema, "Mama, hiyo imeshafungwa. Haibadilishi kitu sasa."

Nikamwambia, "Andika."

"Mama, hakuna pa kuandika."

"Basi andika mkononi mwako, binti yangu, lakini andika nikisikia." Nikasikia kalamu. Labda alikuwa anagonga meza tu kunituliza. Nilishukuru hivyo hivyo.

Muireann nilimwambia jioni, akiwa anamsukuma mtoto. Aliacha kusukuma. Kumbe wiki zote hizi alikuwa anaamini yeye ndiye aliyeniletea ugonjwa kutoka wodi ya wazazi, na mimi nilikuwa nimemwacha aamini, kwa sababu sikuuliza analilia nini. Alisema, "Bibi, nilikuwa nakuosha miguu nikitubu!"  Kesho yake alipika, akaniwekea sahani, akageuka. Usiku alikuja akanibwagia mtoto mapajani, akasema, "Mshike, nimechoka," akaenda kulala. Sijui hiyo ni nini. Nimeichukua.

Sasa sikia. Nimepata habari kwamba huli. Usiniulize nimeipata wapi, na usimgombeze mtu mgonjwa.

Najua unavyofanya. Unampikia, unakaa naye, unashika kikombe ili mikono iwe na kazi, kisha sahani yako unawapa mbwa. Unaona si haki ushibe mbele ya mtu asiyeweza kufika zizini. Unadhani ukikonda vya kutosha kuna atakayekuja kusema basi, inatosha. Hakuna anayekuja, Philomena. Nimengoja. Nimepungua mpaka pete ya ndoa imeangukia ndani ya unga, na hakuna aliyekuja.

Wewe unikasirikie. Kasirika mpaka mwisho wa dunia, una haki. Lakini kasirika umeshiba. Malachy akibaki na dada aliyedondoka jikoni, nani atampa uji? Mimi? Nimeshawahi kuingia nyumba hiyo, unajua matokeo.

Kata mkate, mnene. Weka siagi mpaka uone aibu. Kama huwezi kula mbele yake, kula jikoni umesimama, umegeukia ukuta. Mimi ndivyo nilivyoanza tena, Jumanne, kipande kimoja. Kilipita.

Kisha niandikie ulichokula. Usiandike kingine chochote.

Attracta